Kisu cha Kukunja cha Jadi: Chagua Bapa Kwanza, Mpini Baadaye

Watu wengi huchagua kisu cha kukunja kwa kuangalia mpini. Macho yanaona mfupa uliotiwa rangi ya asali iliyokolea, au pembe yenye mikunjo, na mkono unaingia mfukoni kabla akili haijauliza swali lolote. Kizuri chajiuza, sawa. Lakini kinachokata ni bapa, na umbo la bapa halibadiliki. Mpini ukipasuka, fundi anaweza kuutoa na kuweka mwingine. Bapa lisilolingana na kazi zako litakukera kila siku mpaka ukitupe kisu kwenye droo na kukisahau. Kwa hiyo tutaanza na bapa, tupite kwenye springi, ndipo tufike kwenye mpini.

Ninaposema kisu cha jadi nina maana ya kile kinachofunguliwa kwa ukucha wa kidole gumba na kukaa mfukoni bila kibanio. Mara nyingi mpini wake ni vipande viwili vya mbao, mfupa au pembe vilivyopigiliwa ribiti juu ya mabati membamba ya shaba njano, na ndani yake mna springi ndefu inayolibana bapa likiwa wazi na likiwa limefungwa.

Hatua ya 1: Jua unakata nini hasa

Kwa wiki moja, kila unapotafuta kitu cha kukatia, kumbuka ulitaka kukata nini. Usiorodheshe unachotamani kufanya siku moja porini, orodhesha ulichofanya. Wengi watakuta maboksi, kamba, mifuko ya plastiki, tunda, uzi unaoning'inia kwenye nguo, penseli, labda kijiti cha kuchonga. Kuchuna mnyama hakumo, na kupambana na mtu hakumo kabisa.

Kisha zigawe kazi hizo mafungu matatu. Kuna kazi za ncha, kama kutoboa ngozi, kuchokoa mwiba au kuanzisha tundu. Kuna kazi za makali yaliyonyooka: kukata kitu kilicholala juu ya ubao, kukata kamba, kuchonga mti. Na kuna kazi za tumbo, yaani ile sehemu ya makali iliyopinda, ambayo huteleza vizuri juu ya nyama, ngozi au tunda. Fungu moja kati ya hayo litakuwa kubwa kuliko mengine, na hilo ndilo litakalokuchagulia bapa.

Hatua ya 2: Lisome bapa kwa ubavu

Fungua kisu, kilaze, ukitazame kwa ubavu. Angalia mambo mawili tu: makali yamepinda kiasi gani, na ncha iko juu au chini ukilinganisha na mgongo. Hayo mawili yanaeleza karibu kila kitu.

Jaribio moja dogo litakuonyesha kwa nini. Laza kipande cha boksi juu ya ubao, ukikate kwa kuvuta kisu kuelekea kwako. Ukitumia bapa lenye tumbo kubwa, utaona ni sehemu ndogo tu karibu na ncha inayogusa boksi. Ili mkato ufike chini itabidi uinue kiwiko, na mkono ukiinuka kisu kinaanza kuyumba. Ukitumia bapa lililonyooka, lenye ncha iliyoshuka chini, ncha ndiyo inayokata na ngumi yako inabaki chini karibu na ubao. Sasa geuza kazi: menya tunda la mviringo kwa bapa hilo hilo lililonyooka. Linakwaruza, ncha inachoma mahali usipotaka. Hakuna umbo linaloweza yote, na anayekuambia lipo anataka kukuuzia hilo alilonalo.

Hatua ya 3: Linganisha maumbo

Ncha ya mkuki ndilo umbo la kuanza nalo kama bado hujui unataka nini. Makali na mgongo vinapinda vikikutana karibu na katikati, tumbo lipo la wastani, ncha ni imara. Kisu cha askari wa Uswisi, ambacho Karl Elsener alianza kulipatia jeshi mwaka 1891, kilikuwa na bapa la jamii hii, na visu vyekundu vilivyokifuata bado vinalitumia. Halina mbwembwe. Linafanya kazi nyingi vizuri kiasi, na kwa mtu wa kisu kimoja hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote.

Klipu ni lile ambalo mgongo wake umekatwa kuelekea mbele, mara nyingine kwa mkato ulionyooka, mara nyingine kwa mbonyeo, hata ncha ikawa nyembamba na kali. Buck 110, kilichotoka Marekani mwaka 1964, kililifanya umbo hili lijulikane duniani kote. Linapenya upesi, na tumbo lake ni zuri kwa kuchuna. Tatizo ni kwamba chuma kimebaki kidogo pale mbele. Ukichokoa nalo kifuniko au kuzungusha ncha kwenye mbao, utarudi na kisu kisicho na ncha. Kwa maoni yangu, nusu ya wanaonunua klipu wanalipenda kwa sababu lina sura ya ukali, na ncha ya mkuki ingewafaa zaidi.

Ukwato wa kondoo una makali yaliyonyooka kabisa, na mgongo unaoinama ghafla mbele kuyakuta, kwa hiyo ncha yake ni butu. Mabaharia walilipenda: chombo kinaposukwa na mawimbi, kisu kisicho na ncha kali hakimchomi mwenzako wala hakitoboi tanga. Kamba nene waliikata kwa kulaza makali juu yake na kugonga mgongo wa bapa kwa nyundo ya mbao. Leo ndilo umbo la mtu wa maboksi, kwa kuwa halichomi kilichomo ndani, na la mchongaji, kwa kuwa nguvu ya mkono inagawanyika sawa kwenye makali yote. Kulinoa nako ni rahisi kuliko yote: unaliburuta kwenye kinoo kwa mstari mmoja, bila kupindisha kifundo cha mkono.

Wharncliffe ni ndugu yake wa karibu. Makali yamenyooka vile vile, ila mgongo unaanza kushuka mapema na polepole, hivyo ncha inabaki kali na iko chini kabisa. Kwa kukata karatasi, kuchonga maandishi kwenye mbao au kufumua mshono, sijaona linaloshinda hili. Lakini ncha hiyo huvunjika kisu kikianguka sakafuni, na hukata kidole kwa urahisi ukijisahau.

Yaliyobaki ni ya kazi maalumu. Spei lina tumbo linalopanda juu na ncha butu. Lilitengenezwa kwa ajili ya kuhasi mifugo, mahali ambapo ncha kali ingemjeruhi mnyama, na bado ni zuri kwa kuchuna bila kutoboa ngozi. Peni ni ncha ya mkuki ndogo, iliyobaki tangu watu walipochonga kalamu za manyoya. Siku hizi hufungua barua na kukata nyuzi. Mdomo wa mwewe umepinda kwa ndani kama mundu, unavuta tawi au mzabibu usikwepe makali, na ni wa mtunza bustani. Usiufanye kisu chako cha pekee, maana kwenye kinoo cha kawaida chenye uso ulio sawa hautanoleka. Unahitaji kinoo cha mviringo.

Viwili vinasimama peke yao. Opinel, alichokibuni Joseph Opinel kule Savoie, Ufaransa, mwaka 1890, kina bapa refu jembamba lenye ncha iliyoinuka kidogo. Wembamba huo ndio siri yake. Kinapita kwenye kitu kigumu bila kukigawanya kwa nguvu, na namba 8 yenye bapa la sentimita 8.5 inatosha watu wengi. Cha pili ni higonokami cha Japani: bapa lililonyooka ndani ya bati lililokunjwa, hakina springi, na kidole gumba ndicho kinachobana mkia wa bapa lisijifunge. Kwa kuchonga penseli hakina mpinzani.

Hatua ya 4: Bapa moja, mawili au matatu

Kila bapa linaloongezwa linaunenepesha mpini, na mgongo wa bapa lililofungwa unabonyeza kiganja chako unapotumia jingine. Ukibonyeza kwa nguvu kwa dakika chache, alama yake utaiona kwenye ngozi. Basi, kama kazi yako kubwa ni kuchonga, chukua bapa moja.

Mabapa mawili yana faida moja ya kweli: unapata moja la kazi chafu na moja unalolitunza likiwa kali kama wembe. Mtindo uitwao stockman una matatu, kwa kawaida klipu, ukwato wa kondoo na spei, yaani ncha, makali yaliyonyooka na tumbo ndani ya kisu kimoja. Ni mgawanyo wenye akili. Usinunue kisu chenye mabapa mawili ya umbo moja. Umebeba uzito bure.

Hatua ya 5: Kinachoshikilia bapa

Kisu cha springi pekee hakina kufuli. Springi inabana tu, na ukisukuma ncha kwenye kitu kigumu au ukigonga mgongo, bapa litajifunga juu ya vidole vyako. Ukizoea kukata kwa kuvuta, si kwa kuchoma, hutapata shida. Kama kazi zako ni za kutoboa, chukua chenye kufuli: la mgongoni kama la Buck 110, pete ya kuzungusha ambayo Opinel iliiongeza mwaka 1955, au mfumo wa Okapi, kisu kilichoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 na ambacho sasa hutengenezwa Afrika Kusini. Okapi hulia kra-kra-kra kikifunguliwa, na hakifungi mpaka uvute kipete kilicho mgongoni.

Kabla ya kuamua, soma sheria ya mahali ulipo na unakokwenda. Uingereza, kwa mfano, inaruhusu kubeba hadharani bila kutoa sababu kisu cha kukunja kisicho na kufuli chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Kikiwa na kufuli, hata kiwe kidogo vipi, lazima uwe na sababu inayokubalika. Na popote duniani, usipande ndege nacho kwenye begi la mkononi.

Hatua ya 6: Shika mpini kabla ya kuuliza umetengenezwa na nini

Kunja ngumi juu ya kisu kilichofunguliwa. Vidole vinne vinakaa, au cha mwisho kinaning'inia nje? Kinachoning'inia si kosa kwenye kisu kidogo cha barua, ila kwa mchongaji ni kuchoka mapema. Pitisha kidole kwenye pembe zote za mpini, hasa pale bati la shaba linapokutana na mfupa au mbao. Ukisikia ukingo unakwaruza sasa, baada ya nusu saa ya kazi utakuwa lengelenge.

Hatua ya 7: Sasa chagua mpini

Swali la kwanza ni maji. Swali la pili ni joto na ukavu. Uzuri ni swali la tatu.

Mbao ni rafiki wa mkono kuliko vyote: haziwi baridi, hazitelezi sana, na kadiri unavyozishika ndivyo zinavyong'aa. Ila mbao si kitu kimoja. Mti wa biichi, unaotumika kwenye Opinel nyingi, hunywa maji na kuvimba mpaka bapa linakwama ndani. Wenyeji wa Savoie wana dawa yao: unashika kisu kikiwa kimefungwa, unagonga kitako cha mpini kwenye meza, na bapa linachomoza kiasi cha kushikika kwa vidole. Mzeituni una mafuta yake ya asili na mistari mizuri, huvumilia zaidi. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini na hunywa maji polepole sana, lakini hauupendi ukavu wa ghafla. Ukiachwa ndani ya gari juani unaweza kupasuka kuanzia kwenye ribiti. Ukivutiwa na mbao za jamii ya Dalbergia, ambamo mpingo umo, jua kwamba tangu 2017 biashara yake ya kimataifa inasimamiwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo mwulize muuzaji karatasi. Zipo pia mbao zilizojazwa resini kwa mashine ya kunyonya hewa. Haziwezi kuvimba kirahisi, ingawa mguso wake umeshasogea kidogo upande wa plastiki.

Mfupa ndio mpini wa jadi wenyewe, na karibu wote ni wa mguu wa ng'ombe. Huchongwa vijishimo na mifereji ili usiteleze, kisha hutiwa rangi. Utazame kwa karibu pale ribiti zilipopita. Mfupa hauwezi kunyumbuka, kwa hiyo fundi aliyegonga ribiti kwa pupa huacha ufa mwembamba kama unywele unaotoka kwenye tundu kwenda pembeni. Ufa huo hautabaki hapo. Mfupa unasinyaa kidogo ukikauka na ufa unasonga mbele. Angalia pia kama rangi imeingia ndani au imepakwa juu juu: kwenye mfupa uliotiwa rangi vizuri, sehemu zilizoinuka hupauka taratibu kwa kushikwa huku mifereji ikibaki imekolea, na kisu cha miaka mingi kinapata sura ambayo kipya hakiwezi kuinunua. Kwa mfuko wa mtu wa ofisini au wa safari ya kawaida, mfupa unatosha kabisa. Kwa kazi za majini, achana nao.

Pembe ni habari mbili tofauti. Pembe ya ng'ombe au nyati imejengwa kwa tabaka kama ukucha. Inang'aa, inapitisha mwanga kidogo pembeni, na ni nyepesi, lakini ikilowa na kukauka mara kwa mara hujikunja na kuachana na bati. Kuna wadudu pia wanaoitoboa kisu kikikaa kabatini miaka. Pembe za kulungu wanaoziangusha kila mwaka ni mfupa, ngumu, zenye magamba ya asili yanayoshikika hata mkono ukiwa na mafuta. Zilizosifiwa zaidi ni za sambari wa India, na baada ya India kupiga marufuku kuzisafirisha nje miaka ya 1990, zilizopo sokoni zimekuwa adimu na ghali. Hakuna vipande viwili vinavyolingana, kwa hiyo kishike kile kile utakachokinunua. Pembe za ndovu ziache hata kama ni kisu cha zamani. Mipaka mingi itakukamata nazo.

Vya viwandani havina mashairi, ila vinafanya kazi. Maikata ni kitambaa au karatasi iliyogandishwa kwa resini. Ya kitambaa ikilowa hushikika vizuri zaidi, na inazidi kukolea rangi kwa mafuta ya mkono. Ningekuwa na kisu kimoja cha mvua, bahari na bustani, mpini wake ungekuwa huu. Delrin ni plastiki ngumu inayoigiza mfupa na pembe. Wengi wanaidharau, lakini haisinyai, haivimbi, na ni nadra kupasuka ikianguka. Gamba la chaza linang'aa kama mwezi na kupasuka kama sahani, basi liwe la kisu cha sherehe.

Seluloidi ndiyo ya kuogopa kidogo. Kwenye visu vya zamani ina rangi ambazo hakuna kitu kingine kinazifikia, ila inashika moto upesi, na ikizeeka inaweza kuoza na kutoa mvuke wenye asidi. Mvuke huo unaleta kutu kwenye bapa lake na kwenye visu vya jirani. Ukiwa nayo, ihifadhi peke yake mahali penye hewa.

Oanisha bapa na mpini kwa mazingira, si kwa rangi. Mpini wa maikata wenye bapa la chuma cha kaboni kazini baharini ni nusu ya suluhisho, kwa kuwa kutu itaanzia kwenye bawaba usikoona. Palipo na maji, vyote viwili viwe vya kuyavumilia. Palipo pakavu, chuma cha kaboni na mbao ni raha tupu: kinanoleka upesi na kupata rangi ya kijivu ambayo, ukiifuta na kuipaka mafuta, inasaidia kuzuia kutu nyekundu.

Hatua ya 8: Kikague kabla hujakilipia

Kiinue kikiwa kimefunguliwa, ukitazame kwenye mwanga. Kati ya springi na mabati pasionekane mwanga, au uonekane uzi mwembamba tu. Shika ncha kwa vidole viwili, sukuma kulia na kushoto, bapa lisicheze. Lifungue polepole usikie linavyobanwa: linapaswa kuruka na kutulia kwa mlio mmoja, bila kulegea katikati. Kama ukucha unakaribia kung'oka, springi ni ngumu mno, na siku moja utateleza.

Kisha jaribio ambalo wengi hawalijui. Weka ukanda wa karatasi nyembamba ndani ya mpini, juu ya springi, halafu acha bapa lijifunge kwa nguvu yake lenyewe. Fungua, toa karatasi. Ikiwa imekatwa au ina alama, makali yanagonga springi kila unapofunga, na utakuwa na sehemu butu isiyokwisha katikati ya bapa hata unoe vipi. Omba kingine. Kama tayari ni chako, kifunge taratibu kwa kukishika mpaka mwisho, wala usikiachie kijipige.

Kikishafika nyumbani, tia tone moja la mafuta mepesi ya mashine kwenye bawaba, fungua na funga mara kadhaa, futa uchafu mweusi utakaotoka, rudia mpaka mafuta yatoke safi. Mafuta ya kupikia usiyatie: yataganda na kuwa gundi. Mpini wa mbao au pembe upake mafuta kidogo sana kwa kitambaa, uache usiku mmoja, ufute asubuhi.